Baba alipigana Kagera, akafanya biashara, akawa mbunge: kitabu chake tukianzie wapi?

"Shikamoo mtaalamu. Niko Tanga, Makorora. Baba yetu mwakani anatimiza miaka 70 na sisi watoto tumepanga kumtolea kitabu cha maisha yake. Vita ya Kagera alienda akiwa mgambo, akawekwa kwenye malori ya kubeba risasi na chakula mpaka ndani ya Uganda. Aliporudi akawa dereva kwenye shamba la mkonge, pembeni anafanya biashara ndogondogo, baadae akanunua lori lake la mtumba, akawa anashusha mbao na matunda kutoka Lushoto, akafungua na duka Ngamiani. 1995 akapata ubunge, kipindi kimoja tu, 2000 akaanguka kwenye kura za maoni. Sasa kaka yetu mkubwa anataka kitabu kiwe cha ubunge tu na picha za baba akiwa na viongozi, na kwenye vita tuandike alikuwa ofisa kwa sababu mgambo ni kama hakupigana. Na 1983 baba aliwekwa ndani wiki kadhaa kwenye ule msako wa wahujumu uchumi, akaachiwa bila kesi, hiyo kaka hataki hata isikike. Baba mwenyewe ya vita hasimulii, ukimuuliza anasema mambo ya zamani hayo. Mama anasema tumuache apumzike. Je tuandike nini tuache nini, na kuna ruhusa ya jeshi inatakiwa? Na kumbukumbu tunazipata wapi?"

Marahaba mwanangu, na hongereni sana kwa kumfikiria mzee akiwa hai, maana barua nyingi za namna hii zinanifikia baada ya arobaini, watu wanataka kuandika maisha ya mtu ambae hawawezi tena kumuuliza hata jina la rafiki yake. Nyie baba yupo, mama yupo, mnabishana tu nini kiingie na nini kibaki nje.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja na naona mna hofu tatu humo ndani. Kaka yako anaogopa baba asije akashushwa heshima, wewe unaogopa kitabu kitakuwa na uongo, mama anaogopa afya ya mumewe. Zote tatu zina haki yake na hamna mwenye nia mbaya hapo. Ila jibu langu nalitoa mapema: msianze na ubunge. Ile sehemu ya katikati, ya lori na duka na 1983, ambayo kaka anataka kuifukia, ndo inayobeba kitabu kizima. Ukiiondoa hiyo msomaji anabaki na dereva wa mgambo mwaka 1979 na mheshimiwa mwaka 1995, na katikati hamna kitu, na watu wa Tanga mnawajua, pakiwa pengo watalijaza wenyewe vijiweni.

Tuanze na hili la mgambo kwa sababu ndo limeniuma zaidi. Kaka yako anaamini mgambo hakupigana. Hapana. Amin alipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi letu lilikuwa na watu wasiofika 40,000, na kabla vita haijaisha likawa limevuka 150,000, humo wakiwemo mgambo kama 40,000 pamoja na watu wa magereza, polisi na JKT. Hao mgambo walifundishwa haraka wakapelekwa mbele. Chukua Lukaya, ule mji ulio kwenye kinamasi njia ya Masaka kwenda Kampala, Machi 1979. Brigedi ya 201 iliyokaa pale sehemu kubwa ilikuwa mgambo ambao hawajawahi kuonja vita, wakashambuliwa kwa maroketi, wakatawanyika usiku ule. Kesho yake walewale wakajipanga wakarudi, huku brigedi ya 208 ikizunguka kuja upande wa pili, na Lukaya ikachukuliwa, na baada ya hapo njia ya Kampala ikawa wazi. Mwezi mmoja mbele, tarehe 11 Aprili, Kampala ikaanguka. Sasa niambie hao hawakupigana?

Na dereva wa lori usimdharau hata kidogo. Daraja la Kyaka, la kuvukia mto Kagera, lilikuwa limebomolewa, mainjinia wa jeshi wakaweka la muda, na kila risasi, kila gunia la unga, kila dumu la mafuta lililowafikia wapiganaji lilivuka pale likiwa mgongoni mwa gari la mtu kama baba yenu. Masika ilikuta vita bado, na barabara zile ni udongo mwekundu. Mkimuandika ofisa mtakuwa mmemnyang'anya kazi aliyoifanya kweli mkampa ya mtu mwingine. Alafu kuna hatari ya wazi: wenzake wapo hai. Atatokea mzee mmoja Muheza au Korogwe atasema huyu tulikuwa nae, ofisa wa wapi, na hapo kitabu chote kinakosa imani, hata yale ya kweli. Cheo kikiwa kwenye cheti kiandikwe kilivyo, kikiwa hakipo kisiandikwe.

Kuhusu ruhusa ya jeshi. Wengi wanaamini mtu akishavaa kombati basi maisha yake yote ni siri ya serikali mpaka anaingia kaburini. Sio hivyo. Njaa aliyoipata, gari lilivyokwama, rafiki aliyemzika njiani, namna alivyolia au alivyocheka, hayo ni mali yake. Kinachokatazwa ni siri za ulinzi, na Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 ipo na ni kali, kwa iyo picha za ndani ya kambi, ramani, habari za silaha na mipango ya jeshi achaneni nazo kabisa, hazimuongezei baba yenu kitu. Kama kabatini kuna karatasi yenye muhuri wa siri, hata iwe imekaa miaka 40, msiipige picha wala msiiweke kwenye grupu la familia mpaka muulize. Pa kuulizia pa kwanza ni kwa mshauri wa mgambo wa wilaya, mwende na baba mwenyewe au na barua yake iliyosainiwa, mbebe cheti, medali kama anayo na kitambulisho. Msitume mtu kienyeji akaanze kuulizia rekodi za mtu mwingine, atarudishwa getini.

Sasa hili la baba kutosimulia. Mtu anaesema "mambo ya zamani hayo" mara nyingi hajasahau chochote, ila amechoka kuulizwa vibaya. Watu wakikutana na askari wa zamani swali la kwanza ni uliua wangapi, la pili ni Amin ulimuona? Nani atajibu hayo mbele ya watoto wake? Kingine mnachotakiwa kujua kabla hamjawasha simu kurekodi ni kwamba kumbukumbu ya binadamu haikai kama ilivyoingia. Kila akisimulia anaijenga upya, anachanganya alichoona kwa macho yake na alichosikia kwa wenzake na alichosikia Radio Tanzania wakati ule, na ikishapita miaka arobaini na kitu mwenyewe hajui tena kipi ni kipi. Hadanganyi, ndivyo akili ilivyo. Ndo maana tarehe zake msizichukue kama zilivyo, lakini harufu, chakula, baridi, nyimbo, hivyo anavyo vizuri sana kuliko kitabu chochote.

Anzeni na kitu cha kushika. Leseni yake ya udereva ya zamani, kama ipo, itafuteni hiyo. Muwekee mkononi baada ya alasiri akiwa barazani ametulia, mtu mmoja tu akae nae, sio ukoo mzima, na muulize lori lile gia zake zilikuwaje, ukitaka kupunguza gia mlimani ulikuwa unakanyaga klachi mara ngapi, nani alikufundisha, mzigo ukizidi ulikuwa unajuaje. Dereva hawezi kukaa kimya kwenye swali la gia! Mikono yenyewe itaanza kuonyesha. Kutoka hapo atafika Kyaka mwenyewe, atafika Masaka, na nyie mnafuata tu nyuma: kutoka Tanga mlipanda treni wapi, ziwa mlivuka kwa meli au mlizunguka, nani alikuwa utingo wako, mkilala mnalala wapi, ulipata barua kutoka nyumbani? Akinyamaza nyamazeni nae. Akisema inatosha, inatosha, zimeni simu mle chakula.

Alichosema mkikague baadae bila kumbishia. Akisema aliingia Entebbe siku ilipochukuliwa, hiyo ilikuwa tarehe 7 Aprili na iliyoichukua ni brigedi ya 208, basi mnajua aliifuata brigedi gani. Akisema alifika mpaka mpaka wa Sudan, hiyo ni mwanzoni mwa Juni 1979, vita inaisha. Akisema alikaa Uganda baada ya hapo, inawezekana, jeshi letu lilibaki kule mpaka 1981. Ukiyaweka majina ya sehemu kwenye ramani utashangaa yanavyojipanga yenyewe.

Haya, tuje kwenye 1983 ambayo ndo kaka yako anaiogopa, na hapa naomba umsomee aya hizi mwenyewe kwa sauti. Nyie mmezaliwa maduka yakiwa yamejaa, hamuwezi kupata picha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, mpaka wa Kenya ukafungwa mwaka huohuo mwezi wa pili, kituo cha mpakani cha Horohoro kikawa kimya, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Katikati hapo tumepigana vita kwa fedha zetu, mafuta yakapanda bei duniani, bei ya mkonge nayo ikawa haisaidii, na Mwalimu akatuomba miezi 18 ya kufunga mkanda ambayo ilikuja kuwa miaka. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, kanga ya kumsitiri maiti inatafutwa mtaa mzima. Bidhaa zilitakiwa zipite kwenye makampuni ya biashara ya mkoa na maduka ya ushirika, na huko hazipo au zimeshatoka mlango wa nyuma. Watu wa pwani wakafanya walichokuwa wanafanya babu zao, mashua usiku, mzigo wa Mombasa unaingia kwa njia za mikokoni. Ukiwa na lori au unaendesha lori la mtu, na una kichwa cha biashara, ungekaa nje ya hayo vipi?

Machi 1983 serikali chini ya Waziri Mkuu Sokoine ikaanzisha vita ya wahujumu uchumi. Na angalia utaratibu ulivyokuwa: watu walikamatwa kwanza, sheria maalum ikapitishwa baadae mwaka huohuo ikaunda mahakama yake maalum. Waliingizwa humo walanguzi wakubwa kweli walioficha bidhaa maghala kwa maghala wananchi wakiteseka, hao siwatetei na wewe usiwatetee kwenye kitabu. Lakini waliingizwa pia wenye katoni tatu za sabuni. Wengi waliachiwa hawajafunguliwa kesi yoyote, kama baba yenu. Mwaka uliofuata sheria ile ikabadilishwa ikaja nyingine, na bajeti ya 1984 ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni aingize bidhaa bila kuulizwa fedha kazipata wapi. Yaani kilichomuweka mtu ndani 1983, mwaka mmoja mbele mlango wake umeanza kufunguliwa na serikali hiyohiyo. Kuja kufika kwa Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa, ndo baba yenu akanunua lori. Hii ni historia ya nchi, imepita juu ya mtu mmoja wa Ngamiani, kuna aibu gani hapo?

Na kuna jambo moja ambalo nadhani hata baba hajawahi kuwaelezea. Watu wanasema fulani aliingia siasa kwa sababu alikuwa na hela. Kabla ya 1991 ingekuwa kinyume, hela ndo ingemzuia. Azimio la Arusha la 1967 lilisema kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Mbunge alihesabiwa kiongozi. Mtu mwenye malori na duka na vijana aliowaajiri alikuwa hana nafasi, na tena enzi hizo za chama kimoja wagombea wawili wanapewa alama ya jembe na nyumba, wanatembezwa na chama kwenye mkutano mmoja, hamna cha bango lako wala fulana zako. Miiko hiyo ikalegezwa kwa Azimio la Zanzibar la mwaka 1991. Julai 1992 vyama vingi vikaingia, na mwaka huo pia wanajeshi walio kazini wakakatazwa kuwa wanachama wa vyama, ndo maana Kikwete, mtu wa Msoga huko Bagamoyo, akaacha jeshi 1992 akiwa luteni kanali akabaki kwenye siasa. Baba yenu yeye alishatoka vitani zamani, biashara imeshaacha kuwa dhambi, na uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ni Oktoba 1995. Mlango umefunguka miaka minne tu kabla hajapita. Hicho ndo kinachoeleza kwanini mtu kama yeye aliibuka mwaka ule na sio 1985. Hata Lowassa, marehemu, alienda vita ya Kagera kabla ya siasa, lakini njia yake ilikuwa ya ndani ya chama tangu zamani. Ya baba yenu imepita barabarani.

Ubunge wenyewe sasa. Sisemi muuache, nasema msiujaze picha. Picha ya kupeana mkono na kiongozi haimwambii msomaji chochote, kila mbunge anayo. Tafuteni Hansard. Zile taarifa rasmi za Bunge zinaandika kila neno, na za miaka ya karibuni zipo kwenye tovuti ya Bunge, zisizoonekana huko mnaandika barua maktaba ya Bunge Dodoma mkitaja jina lake, jimbo na miaka 1995 mpaka 2000. Mtakuta maswali yake kwa mtindo wa zama zile, "Kwa kuwa... na kwa kuwa... Je, Serikali haioni..." na Spika Msekwa anamuita kwa jina, na majibu ya waziri, na swali la nyongeza ambalo ndo linaonyesha mtu alikuwa na moto au alikuwa anasoma karatasi. Angalieni aliuliza nini mara nyingi. Mimi nahisi mtakuta barabara, kwa sababu mtu aliyeshusha mbao kutoka Lushoto na aliyekwama Uganda hawezi kuacha kuuliza barabara, lakini msiandike kwa hisia zangu, someni.

Na hapo msomaji makini atawauliza, huyu alikuwa na lori, akidai barabara alikuwa anadai ya wananchi au ya biashara yake? Jibuni, msikimbie. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ilitoka 1995 mwaka uleule alioingia, inamtaka kiongozi atangaze mali na madeni yake na aseme wazi pale anapokuwa na maslahi. Muulizeni alitangaza, alisema, lori aliendelea nalo au alimuachia nani. Kama jibu lake lina kasoro liandikwe na kasoro yake.

Hivyohivyo kuanguka kwake 2000. Mtaani najua watakuwa wanasema alibana mkono. Mwaka ule ndo sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ikaja kuifuta mwaka 2006 kwa sababu ilikuwa inawapa mwanya wenye fedha. Inawezekana kweli alikataa kutoa, inawezekana alikuwa hana, inawezekana wajumbe walimchoka kwa sababu nyingine. Andikeni na ya kwake na ya waliompinga. Mtafuteni hata mmoja aliyempigia kampeni mpinzani wake, miaka ishirini na kitu imepita, watu wanaongea sasa.

Mwanangu, kuna kitu kimenishtua kwenye barua yako. Mama umemtaja mara moja tu, anasema tumuache apumzike. Baba yuko Uganda, nani alikuwa nyumbani? Baba yuko ndani 1983, nani alipeleka chakula, nani alihojiwa, nani aliuza nini ili watoto wale? Baba yuko Dodoma bunge la bajeti, enzi zile lilikuwa linaanza Juni mpaka Agosti, duka la Ngamiani nani alikuwa kaunta? Huyo mama ni nusu ya kitabu. Na anaposema aachwe apumzike huenda anajua kitu kuhusu usiku wa baba ambacho nyie hamkijui, kwa iyo muulizeni yeye kwanza, peke yake, kwa heshima, kabla ya kumgusa baba.

Kuhusu sura ya kitabu mna njia tatu. Baba asimulie kwa nafsi ya kwanza nyie muandike, hiyo ina utamu wa sauti yake ila mtafungwa na anavyokumbuka na anavyotaka kukumbukwa. Wewe uandike wasifu wake, hiyo inakupa nafasi ya kuweka sauti za wengine na nyaraka, ila ni kazi, na ndugu watakununia kidogo. Ya tatu ni kurekodi tu sauti mkaweka vizuri kwa kizazi kijacho bila kuchapa, hiyo haina gharama na haina ugomvi, ila wengi wanaoichagua simu inaibiwa au memori inakufa, basi imeishia hapo, kwa iyo mkiichagua tengenezeni nakala kwa watu tofauti siku hiyohiyo. Mimi kwa mlivyo ningechagua ya pili, wewe ndo mwandishi, na sauti ya baba inaingia ndani kwa maneno yake mwenyewe pale inapostahili. Lakini neno la mwisho la 1983 ni la baba, sio la kaka wala langu. Akisema hataki ichapwe, mrekodini, mfunge, akubaliane na nyie ifunguliwe lini. Msiichape kwa nguvu na msiandike uongo mahali pake, acheni sentensi moja fupi kwamba miaka ile mzee hakupenda iandikwe. Msomaji ataheshimu.

Karatasi za kutafuta nje ya nyumbani, nazitaja kwa haraka. Nyaraka za Taifa, kwa kawaida majalada ya serikali yanafunguliwa baada ya miaka 30, kwa iyo ya 1983 umri wake umefika, japo kuna yanayozuiwa. Magazeti ya Uhuru, Mzalendo na Majira ya kampeni za 1995 kayaangalieni maktaba ya Chuo Kikuu Dar es Salaam, na msisahau maktaba ya mkoa hapo mjini, ni karibu na ni rahisi kuanzia. Picha za Tanga ya zamani nendeni Urithi Tanga pale kwenye boma la Mjerumani. Leseni za biashara, kadi ya gari, risiti za kodi, hizo ziko kwenye sanduku la mama, naweka dhamana. Mkishamaliza, namba ya ISBN inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na nakala mbili tatu muwaachie.

Kuna sehemu mbili ambazo barua haitoshi inabidi mkae na mtu uso kwa uso. Ya kwanza ni kama baba baada ya kuanza kusimulia anaamka usiku anapiga kelele, hali chakula, anagombana bila sababu, anakaa gizani, anashtuka pikipiki ikipiga mlio, au anasema maneno ya kutotaka kuishi. Hapo kazi ya kitabu isimame, mpelekeni hospitali ya Bombo mkaulizie daktari wa afya ya akili, mumueleze wazi kwamba huyu alienda vita, maana asipoambiwa atatibu presha tu. Na kama ni hayo maneno ya kutotaka kuishi msingoje kesho wala asiachwe peke yake. Ugonjwa huo unatibika hata kwa mtu wa miaka 70, na sio udhaifu wala majini. Ya pili ni majina ya watu. Kama kwenye 1983 au 2000 mnataka kumtaja fulani kwamba ndo alimchongea au alihonga, na yuko hai au watoto wake wapo, muoneni wakili asome kurasa hizo kabla ya kwenda kwa mchapaji. Mara nyingi atawaambia muandike kilichotokea mtoe jina, na kitabu hakipungukiwi.

Kikao cha familia kingine msikiite kwanza. Wiki hii kaa na mama, hata nusu saa, rekodi hiyo siku moja tu ya 1983 alivyoiona yeye, alafu umsikilizishe kaka yako mkiwa wawili. Nadhani mabishano yatachukua sura nyingine. Yasipochukua, niandikie tena, na uje na zile Hansard.